Gesi ya kinamasi: kisa cha Michigan, 1966, na mtafiti J. Allen Hynek

Ijumaa ya Machi 25, 1966, Dk. J. Allen Hynek aliwakabili waandishi waliofurika katika Klabu ya Waandishi wa Habari ya Detroit. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limemtuma Michigan kueleza ni kitu gani ambacho watu wengi, polisi wakiwemo, walisema wamekiona wiki hiyo juu ya vinamasi vya jimbo hilo. Taarifa yake iliyoandikwa ilikuwa na tahadhari nyingi. Baadaye alisimulia jinsi alivyomtazama kwa hofu mwandishi mmoja akipitisha macho kwenye karatasi, akayakuta maneno "gesi ya kinamasi", akayapigia mstari na kukimbilia simu. Tahadhari zote zilibaki kwenye karatasi.

Nchi nzima ikacheka. Wachoraji wa katuni walipata kazi ya wiki nzima, na wakazi wa Michigan wakaona wametukanwa mchana kweupe. Wanaoamini kwamba dunia hutembelewa na viumbe wa sayari nyingine husema Hynek alitumwa kuficha ukweli. Wasioamini husema alisema kweli, tatizo ni raia wasiojua sayansi. Nimesoma pande zote mbili kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu zote zinaruka kiini cha kisa. Hynek alikuwa na maelezo yaliyowezekana kisayansi. Aliyatoa kabla ya kuyapima, kwa niaba ya mwajiri aliyetaka jambo limalizwe. Kilichomfanya awe mtafiti wa kweli wa mambo haya kilianza pale Detroit, alipoona matokeo ya kazi yake mwenyewe.

Mtu aliyetumwa

Hynek alizaliwa Chicago mwaka 1910, mtoto wa wazazi wenye asili ya Kicheki. Alipata shahada ya uzamivu ya falaki katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1935, akafundisha Chuo Kikuu cha Ohio State, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara ya Johns Hopkins iliyotengeneza kifaa cha kulipua kombora linapokaribia shabaha. Baada ya vita alirudi Ohio. Jeshi la Anga lilipoanza kukusanya ripoti za visahani vya angani, yaani vitu visivyotambulika ambavyo watu walisema wameviona angani, lilihitaji mtaalamu wa nyota aliye karibu na kambi ya Dayton, Ohio. Mwaka 1948 likamwendea yeye.

Kazi ilikuwa rahisi kwa maneno: soma ripoti, sema ni ngapi zinazotokana na sayari, nyota, vimondo na vitu vingine vya angani. Mpango uliitwa Sign, ukageuka Grudge mwaka 1949, kisha Blue Book mwaka 1952. Hynek alikuwa na shaka tangu mwanzo, na alisema wazi kwamba aliuona upepo huo kuwa mtindo wa baada ya vita ambao ungepita. Sehemu kubwa ya ripoti alizosoma zilikuwa kweli Zuhura inayong'aa jioni, maputo ya hali ya hewa, ndege na vimondo. Kila mtu anayelichukulia jambo hili kwa uzito lazima akubali hilo kwanza.

Lakini hakuwa mtu wa kudharau. Mwaka 1952 aliwauliza wanafalaki wenzake zaidi ya 40, kwa faragha, kama wamewahi kuona angani kitu wasichoweza kukieleza. Watano walisema ndiyo. Mwaka uliofuata, katika jarida la Chama cha Fizikia ya Mwanga cha Marekani, aliandika kwamba dhihaka si sehemu ya njia ya sayansi na watu wasifundishwe kuwa ni sehemu yake. Msomaji aiweke kumbukumbu hiyo karibu, maana mwaka 1966 dhihaka ilipita mdomoni mwake bila yeye kukusudia.

Mwaka huohuo wa 1953, mwezi Januari, alikaa kama mjumbe mshiriki katika jopo la mwanafizikia H. P. Robertson lililoitishwa na CIA. Jopo lilikuwa na hofu kwamba wingi wa ripoti ungeziba njia za mawasiliano za jeshi wakati wa hatari ya kweli, kwa hiyo likapendekeza umma uelimishwe ili hamu ya visahani ipungue. Tangu hapo Blue Book ilikuwa ofisi ndogo, yenye maofisa wachache, ambayo mafanikio yake yalipimwa kwa uchache wa kesi zisizo na jibu. Hapo ndipo mzizi wa Michigan ulipo. Mshauri akiajiriwa na ofisi inayohitaji majibu, atatoa majibu, hata kama ni mwaminifu kiasi gani.

Kufikia 1966 Hynek alikuwa mkuu wa idara ya falaki katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, na mkurugenzi wa kituo cha Dearborn cha kutazama nyota. Karibu naye alikuwepo kijana Mfaransa, Jacques Vallée, aliyekuwa akichambua ripoti kwa kompyuta na kumsukuma azitazame upya. Aprili 1964 Hynek alikuwa amekwenda Socorro, New Mexico, ambako askari polisi mmoja alisema ameona chombo chenye umbo la yai kikiondoka ardhini, na kesi ile ilibaki bila jibu katika faili za jeshi. Kwa hiyo aliyekwenda Michigan hakuwa na shaka nyepesi ya 1948. Alikuwa mtu aliyeanza kusita, lakini bado hajasema hivyo hadharani.

Usiku wa Dexter na usiku wa Hillsdale

Kuanzia Machi 14 askari wa sherifu wa Kaunti ya Washtenaw, karibu na Ann Arbor, waliripoti taa zinazokwenda kasi na kugeuka ghafla angani. Magazeti yalibeba habari hiyo, na kila mtu akaanza kutazama juu.

Jumapili usiku, Machi 20, mkulima mmoja karibu na mji mdogo wa Dexter aliona taa kwenye kinamasi kilicho nyuma ya nyumba yake. Yeye na mwanawe wakaingia kwenye matope kuzifuata. Walisema walikiona kitu chenye umbo la kukaribia piramidi, ngozi yake ikiwa na mikunjo kama godoro lililoshonwa, kikiwa na taa kwenye ncha zake, kisha kikatoweka. Polisi walipofika waliona taa pia, kwa mbali.

Usiku uliofuata ilikuwa zamu ya Hillsdale, mji ulio kusini magharibi ya hapo. Wasichana 87 wa Chuo cha Hillsdale walisema waliona kutoka bweni lao mwanga ukielea juu ya kinamasi kilicho karibu na chuo, ukififia na kung'aa tena kwa muda wa saa kadhaa. Mkuu wa ulinzi wa raia wa kaunti aliutazama pamoja nao kwa darubini ya mkono.

Hynek aliwasili katikati ya msisimko huo. Alieleza jinsi usiku mmoja alivyopanda gari la polisi, redio zikiita kutoka kila upande, magari matatu yakakutana njia panda, watu wakaruka nje wakinyoosha vidole: kile pale! Alitazama. Ilikuwa Arcturus, nyota angavu ya majira ya kuchipua, inayometameta inapokuwa chini karibu na upeo wa macho. Kuna pia picha iliyopigwa siku hizo huko Milan, mji mwingine wa Michigan, ambayo aliitambua kuwa ni mwezi mwembamba na Zuhura vikichomoza huku kamera ikiwa imeachwa wazi kwa muda mrefu.

Mambo haya mawili yana uzito mkubwa katika kisa. Mtaalamu anayeona polisi wenye uzoefu wakiifukuza nyota atakuwa na haki ya kuwatilia shaka polisi wengine usiku huohuo. Naamini kumbukumbu ya Arcturus ilikaa kichwani mwake alipokuwa akiandika taarifa ya Ijumaa. Ila shahidi aliyekosea huku hamfanyi shahidi wa kule kuwa amekosea. Aliyeifukuza nyota hakuwa yule aliyezama matopeni Dexter.

Gesi yenyewe

Maelezo ya gesi hayakuwa upuuzi. Majani na mizizi ikioza chini ya maji yasiyo na hewa, vijidudu hutoa methani. Majira ya baridi barafu huifunika. Machi barafu inapoyeyuka, mapovu yaliyobanwa hupata njia. Methani peke yake haijiwashi. Wanakemia wamekuwa wakieleza kwamba mvuke wenye fosforasi, hasa aina ya fosfini ambayo hushika moto inapogusana na hewa, unaweza kuwasha mchanganyiko huo. Wazungu wa vijijini walizisimulia taa hizo za vinamasi kwa karne nyingi: ndogo, hafifu, huonekana karibu na ardhi, hupotea hapa na kuibuka pale, na humkimbia anayezifuata. Hynek alishauriana na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Michigan kabla ya kulikubali wazo hilo.

Tazama sasa linavyokaa juu ya ushahidi. Mwanga hafifu, juu ya kinamasi, usiku, Machi, unaofifia na kurudi: hapo Hillsdale inafaa vizuri. Taa zinazotoweka mtu anapozikaribia: hilo pia linafaa, na ni sehemu ya masimulizi ya Dexter. Umbo la piramidi lenye ngozi ya mikunjo halifai hata kidogo, isipokuwa useme kwamba giza, msisimko na mwanga unaocheza kwenye ukungu viliwafanya watu wawili waone umbo lisilokuwepo. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini hilo lilihitaji kuonyeshwa. Na taa za askari wa Washtenaw, zilizosemwa kuruka juu angani, ziko nje kabisa ya maelezo haya.

Hynek alijua hivyo. Katika taarifa yake aliweka mpaka: maelezo ya kinamasi yalihusu Dexter na Hillsdale peke yake, na hakudai kuwa na uthibitisho wa kukata mzizi wa fitina. Ukisoma maandishi yake leo huwezi kusema alidanganya. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Kwanza ni muda. Alipewa siku chache tu kutoka kuwasili hadi kusimama mbele ya kamera, na mkutano ule uliitishwa kwa agizo la jeshi kabla hajawa tayari. Pili, alijumlisha. Dexter na Hillsdale ni matukio mawili, ya usiku mbili, katika miji miwili, yenye mashahidi wa aina tofauti. Yalifungwa pamoja kwa sababu yote yalikuwa karibu na maji yaliyotuama. Tatu, hapakuwa na kipimo. Maelezo ya gesi ni dai kuhusu mahali, na mahali pale palikuwepo wiki iliyofuata na mwezi uliofuata. Angeweza kutuma mtu achukue sampuli na akeshe pale akitazama. Daktari akimpa mgonjwa wa homa dawa ya malaria kabla ya damu kupimwa, huenda amepatia. Lakini hataweza kumwambia mgonjwa wa pili, kwa haki, kwamba anajua.

Na kuna waliolipa gharama. Familia ya Dexter ilivamiwa na watazamaji, ikakejeliwa, na mkulima yule alisema hadharani kwamba anajuta kuripoti. Mkuu wa ulinzi wa raia wa Hillsdale alipinga jibu la jeshi. Hawa walikuwa watu waliofanya kile ambacho serikali yao iliwaomba wafanye, yaani kutoa taarifa wakiona kitu cha ajabu angani. Sioni namna ya kukisimulia kisa hiki kwa uadilifu bila kuwataja.

Mambo yalivyokwenda baadaye

Mbunge wa Michigan, Gerald Ford, wakati huo kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi na baadaye rais, aliandika barua Machi 28 akitaka Kongresi ichunguze, kwa hoja kwamba wananchi wanastahili maelezo bora kuliko waliyopewa. Aprili 5, 1966, Kamati ya Majeshi ya Baraza hilo, chini ya L. Mendel Rivers, ikawaita waziri wa Jeshi la Anga Harold Brown, Meja Hector Quintanilla aliyeiongoza Blue Book, na Hynek.

Hapo mshauri alisema jambo ambalo kwa miaka 18 hakulisema kwa sauti kubwa: kwamba ripoti hizi zinastahili kuchunguzwa na jopo la wanasayansi wa kiraia. Wazo halikuwa lake peke yake. Kamati ndogo ya wanasayansi, Carl Sagan akiwa mmoja wao, ilikuwa imeshaishauri serikali miezi michache nyuma itoe kazi hiyo kwa vyuo vikuu. Michigan ndiyo iliyolifanya pendekezo hilo lisiweze kuahirishwa tena.

Wenzake hawakumpokea kwa mashada. James McDonald, mwanafizikia wa anga wa Chuo Kikuu cha Arizona, alimlaumu uso kwa uso mwaka huo kwa kukalia taarifa zile muda wote bila kupiga kelele. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, ingawa McDonald hakuwahi kuishi na mwajiri yule. Oktoba, katika barua iliyochapishwa na jarida la Science, Hynek alikanusha mawazo yaliyozoeleka: si kweli kwamba wanaoripoti ni wapenda visahani au wasio na elimu tu, wala si kweli kwamba wanasayansi hawaoni vitu hivi. Desemba akaeleza Michigan kwa upande wake katika gazeti lenye wasomaji wengi.

Chuo Kikuu cha Colorado kilipewa uchunguzi, chini ya mwanafizikia Edward Condon. Ripoti yake ya Januari 1969 ilihitimisha kwamba kuendelea kuchunguza hakungeiletea sayansi faida. Hynek aliikosoa kwa maandishi: muhtasari wa Condon haukulingana na kurasa za ndani, ambako kesi kadhaa zilibaki bila maelezo. Desemba 1969 Jeshi la Anga likatangaza kufunga Blue Book. Hesabu ya mwisho ilikuwa ripoti 12,618 tangu 1947, kati yake 701 zikiwa hazijatambuliwa. Kwa hiyo mlolongo ulioanza Detroit uliishia kwa serikali kujitoa kabisa, kinyume na alichokiomba mbele ya kamati.

Akaendelea bila serikali. Mwaka 1972 alitoa kitabu kilicholeta mgawanyo unaotumiwa hadi leo: taa za usiku, sahani za mchana, vitu vilivyoonekana kwa macho na kwa rada pamoja, halafu kukutana kwa karibu kwa daraja la kwanza (kitu kinaonekana kwa karibu), la pili (kinaacha alama) na la tatu (viumbe wanaonekana). Mwongozaji filamu Steven Spielberg alichukua jina la filamu yake ya 1977 kutoka daraja la tatu, na Hynek anaonekana ndani yake kwa sekunde chache. Mwaka 1973 alianzisha Evanston kituo cha kuchunguza vitu visivyotambulika angani, kinachoendeshwa na wanasayansi na wahojaji wa kujitolea. Novemba 1978 alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, kwa juhudi za waziri mkuu wa Grenada, Eric Gairy, akiomba mataifa yawe na njia ya kubadilishana ripoti. Alifariki Aprili 1986, Scottsdale, Arizona. Muda huo wote hakudai kuthibitisha kwamba vyombo vya sayari nyingine vimefika. Alisema kuna kitu katika ripoti bora ambacho hakijaelezwa, na miaka ya mwisho alikuwa na mashaka hata na dhana ya wageni kutoka nyota za mbali.

Michigan kwa vipimo vyake mwenyewe

Kitabu cha 1972 kinatoa kipimo cha pande mbili. Upande mmoja ni ugeni wa tukio: ni mambo mangapi ndani yake yanayohitaji kuelezwa na hayaelezeki kwa kawaida. Upande wa pili ni uaminifu wa taarifa: mashahidi wangapi, wanajitegemea kiasi gani, wana ujuzi gani. Hynek alikataa kuipa alama ya juu ya uaminifu kesi ya shahidi mmoja, hata awe nani.

Hillsdale ina mashahidi wengi, na hiyo ndiyo sifa inayotajwa kila mara. Lakini wasichana wale walikuwa jengo moja, wakiitana madirishani, wakiwa wamesikia habari za jana yake. Kwa kipimo cha kujitegemea, 87 wanapungua sana. Na walichokiona, kikiondolewa msisimko, ni mwanga uliokaa karibu na ardhi kwa muda mrefu. Ugeni wake ni mdogo. Mimi ningeiweka Hillsdale upande wa mwanga wa kinamasi au mwanga mwingine wa hapohapo, kama dhana ya kwanza, bila kuapa.

Dexter ina ugeni mkubwa zaidi kwa sababu ya umbo na ngozi ya kile kitu, lakini sehemu hiyo inategemea watu wawili wa familia moja walioingia kinamasini pamoja na kutoka pamoja. Polisi wanathibitisha kuwepo kwa taa, hawathibitishi piramidi. Ukitenganisha tabaka hizo mbili, gesi inaweza kujibu tabaka la taa, na tabaka la umbo linabaki na alama ndogo ya uaminifu. Fomu za Blue Book zilikuwa na safu ya kesi zisizo na taarifa za kutosha. Dexter ilipaswa kuandikwa hapo Machi 25, na kubaki hapo hadi kazi ifanyike: baba na mwana wahojiwe kila mmoja peke yake na wachore kabla ya kuona magazeti, pembe na umbali vipimwe kutoka waliposimama polisi, sampuli za gesi zichukuliwe kinamasi kilipokuwa bado kinayeyuka, na watu wakeshe pale usiku kadhaa kuona kama mwanga unarudi. Vifaa vya kazi hiyo vilipatikana Ann Arbor, mwendo mfupi wa gari kutoka shambani.